Jumamosi njooni na sura ya tatu

Assalaam alaykum wanakikundi,

Jumamosi baada ya Alasiri tunakaa pale pale barazani, kila mmoja na sura yake ya tatu ya utafiti, ile ya mbinu. Rasimu mlizotuma nimezipitia. Kinachowaponza wengi ni sampuli, yaani wale watu wa kuhojiwa. Mmechukua fomula ya Yamane, ile ya kupata idadi ya watu wa kuhoji: wakulima wa mwani 400, kiwango cha kosa asilimia 5, jawabu 200. Hesabu iko sawa. Lakini fomula ile inataka uteuzi wa nasibu, yaani uwe na orodha ya wakulima wote kisha uchague humo. Ukienda Paje ukahoji kila unayemkuta ufukweni, hao ni waliopatikana kirahisi tu. Andika hivyo hivyo, wala si aibu. Na mwenye mahojiano ya kina na watu 15, fomula haikuhusu kabisa, ifute.

Jengine, wewe wa Jambiani: ratiba yako imeangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana. Maji yakitoka kinamama wako kwenye mwani, nani atakaa akujibu dodoso la kurasa tisa? Ngoja maji mafu, siku ambazo maji hayatoki sana. Na kwa sheha, kiongozi wa serikali pale mtaani, upite mwanzo, kibali mkononi.

Marejeo tutayagusa kidogo. Chai juu yangu, mkate wa kumimina mtajuana wenyewe.