Malalamiko kuhusu makadirio ya kodi ya urithi katika mirathi ya mama yetu

Kwa Mkuu wa Idara ya Malalamiko,

YAH: MAKADIRIO YASIYO SAHIHI YA KODI YA URITHI

Ndugu Mkuu wa Idara,

Ninakuandikia nikiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mama yangu, aliyeishi na kufariki nchini Uingereza, ili kulalamikia makadirio ya kodi ya urithi ambayo kampuni yenu ya mawakili iliyaandaa kwa malipo na kunikabidhi. Makadirio hayo yanaonyesha kwamba mirathi inadaiwa pauni 162,000, ilhali kwa mujibu wa sheria, na kwa nyaraka zilezile nilizowapa, haidaiwi hata pauni moja.

Mlichukua thamani ya nyumba, pauni 520,000, mkaongeza akiba na hisa za pauni 160,000 na vyombo vya ndani vya pauni 10,000, kisha mkajumlisha pauni 40,000 ambazo mama alimpa kaka yangu miaka mitano na ushei kabla ya kifo chake. Katika jumla ya pauni 730,000 mkaondoa pauni 325,000, ambazo ni kiwango cha kawaida kisichotozwa kodi, na salio la pauni 405,000 mkalitoza asilimia 40. Hesabu yenyewe ya kutoa na kuzidisha haina kosa. Kosa liko katika yale yaliyopaswa kuulizwa kabla ya kuianza.

Kubwa kuliko yote ni kwamba mama alikuwa mjane. Baba alifariki mwaka 1998 akamwachia yeye mali yake yote, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wakazi wa kudumu wa Uingereza, kilichopita kutoka kwa mume kwenda kwa mke hakikutozwa kodi, kwa hiyo kiwango cha msamaha cha baba kilibaki bila kuguswa. Tangu Oktoba 2007 sheria inaruhusu sehemu isiyotumika ihamishiwe kwenye mirathi ya mwenzi anayefariki baadaye, hata kama wa kwanza alitangulia miaka mingi kabla ya sheria hiyo. Tena kinachohamishwa si pauni za mwaka 1998 bali ni asilimia iliyobaki, ikipigwa kwa kiwango cha leo. Na kwa baba asilimia hiyo ni 100. Hilo peke yake linafikisha kiwango cha mama kuwa pauni 650,000. Cheti cha kifo cha baba na nakala ya wosia wake vilikuwa ndani ya jalada mlilopokea, lakini katika fomu yenu ndefu ya maswali sikuona mahali popote panapouliza kama marehemu aliwahi kufiwa na mwenzi wake.

Pia mliuacha msamaha wa ziada wa pauni 175,000 unaotolewa pale makazi ya marehemu yanaporithiwa na watoto wake, na ambao mirathi isiyozidi pauni milioni 2 huupata kikamilifu. Wosia wa mama unatuachia nyumba sisi watoto wake watatu. Msamaha huo nao huhamishika kutoka kwa mwenzi aliyetangulia, hata kama alifariki kabla haujaanza kutumika Aprili 2017, kwa hiyo hapa ni pauni 350,000. Hamkutoa madeni na gharama za mazishi, pauni 15,000 kwa jumla, wala pauni 6,000 za zawadi zinazosamehewa, yaani 3,000 za mwaka wa zawadi na 3,000 za mwaka uliotangulia ambazo hazikutumika.

Ninaelewa kwamba makadirio si hati ya mwisho, na kwamba bei ya nyumba inaweza kubadilika mthamini akiipitia upya. Lakini misamaha tuliyostahili inafika pauni milioni 1, na hakuna mthamini ambaye angeweza kuziba pengo la namna hiyo.

Barua yenu ilitushauri tuuze nyumba haraka kwa sababu kodi hulipwa kabla ya mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi wa kifo. Muda huo ni wa kweli, ila hamkueleza kwamba hata kodi ingekuwepo, sehemu inayotokana na nyumba ingeweza kulipwa kwa awamu za kila mwaka kwa miaka 10. Dada yangu, aliyemuuguza mama katika nyumba hiyo na ambaye hana makazi mengine, alianza kufungasha vitu vyake kwa sababu ya barua hiyo. Hilo limeniumiza kuliko hesabu yenyewe.

Ninaomba mniandalie makadirio mapya yanayoonyesha kila hatua ya hesabu, mjaze bila malipo fomu za kudai misamaha iliyohamishwa, ambayo hudaiwa ndani ya miaka 2 tangu mwisho wa mwezi wa kifo, na mnirudishie ada yote niliyolipa. Ninaomba pia dada yangu aandikiwe barua ya kumweleza kwamba ushauri wa kuuza nyumba umefutwa. Nisipopata jibu la kuridhisha ndani ya wiki 8, nitalifikisha suala hili kwa Legal Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya mawakili.

Wako mwaminifu,
Msimamizi wa Mirathi