Kuhusu ile mazabodi ya 486

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Picha zimefika, na swali lako nimelisoma: je, hiyo mazabodi, yaani bodi kuu ya ile kompyuta ya zamani ya 486, inafaa kutengenezwa au tuachane nayo? Kabla ya yote, usiiwashe!

Hicho kidude cha buluu mfano wa pipa dogo, pale kando ya tundu la kibodi, ni betri ya nikeli na kadimiamu, volti 3.6. Ndiyo iliyokuwa ikitunza saa na mipangilio mashine ikizimwa. Mazabodi nyingi za 386 na 486 zimeuawa na betri hizo. Zikizeeka zinavuja, na kinachovuja kinakula shaba hata mashine ikiwa kabatini.

Ikate leo hii, hata kama hujaamua lolote. Vaa glavu, sugua ule ukungu wa kijani kwa mswaki wenye siki, maana uvujaji wake ni alkali. Suuza kwa maji safi, malizia na spiriti, acha ikauke kabisa. Kabla ya hapo mimi na wewe tunakisia tu.

Sijali sana ukubwa wa doa, najali limefika wapi. Kijani kilichoizunguka chipu ya kibodi, ile ndefu yenye miguu 40, hakinitishi. Njia za shaba zilizokatika pale utaziunga kwa waya mwembamba. Ila usiidharau kona hiyo, kwani chipu ile inahusika hata na kuiresetisha prosesa. Njia moja tu ikikatika, mashine inaweza kugoma kuwaka.

Kinachonipa wasiwasi ni ule weusi chini ya sloti ya kwanza, yale matundu marefu ya kuchomekea kadi. Bahati nzuri sloti hizo, za aina ya ISA, zimeungwa sambamba: gusa kwa mita mguu wa sloti ya kwanza na mwenzake wa sloti ya pili, nayo ilie. Isipolia kwa miguu michache, tengeneza. Ukikuta uozo umepenya kwenye vitundu vilivyo chini ya zile chipu bapa zenye miguu kama nywele, achana nayo, chomoa prosesa, memori na chipu ya BIOS (yenye programu ya kuwashia mashine) uzihifadhi.

Ikifaulu, pima pia kati ya njia ya volti 5 na ardhi; mita ikionyesha shoti, anza kushuku zile kapasita ndogo za tantalamu. Na siku ya kuwasha, plagi mbili za pawasaplai zikae nyaya nyeusi zikikutana katikati. Ukizigeuza, umeiua wewe mwenyewe. Betri mpya isubiri. Bila hiyo itasahau tarehe na aina ya diski, basi.

Halafu, Hamisi, kama shida ni kuzisoma zile diski za flopi za mzee tu, huihitaji mazabodi hii. Kompyuta ya Pentium yenye tundu la flopi linalozitosha itazisoma, na jirani yangu anayo moja. Lakini nakujua: unataka kuiona ile mashine yenyewe ikiwaka, na hilo halina bei. Usimlipe fundi kwanza. Ioshe, uipime, kisha unipigie usiku. Mchana niko kazini.

Wako,
Juma