Tui Lililokukatikia: Barua kwa Mwanangu Aliye Nakuru

Kisumu, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakusalimu, na dada yako anauliza kila siku utakuja lini.

Jana uliponipigia simu ulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama: "Mama, tui limekatika." Umealika wenzako wa kazini, umenunua nazi mbili Soko la Wakulima, umezikwaruza kwa kile kibati cha karoti mpaka vidole vikachubuka, kisha mchuzi wa samaki ukageuka maji yenye madonge meupe, mafuta yakaelea juu. Mkaula hivyo hivyo. Salio likaisha kabla sijakujibu, na jambo lenyewe si la kuelezwa kwa dakika tatu. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia.

Kwanza ondoa moyoni lile neno ulilosema, kwamba huna mkono wa kupika. Tui ni mafuta na maji yaliyokubali kukaa pamoja, na kinachoyashikanisha ni protini kidogo iliyomo ndani ya nazi. Moto ukizidi, protini hiyo huganda kama ute wa yai, ikayaachilia mafuta, na kila kimoja kikashika njia yake. Ndimu nayo hufanya vivyo hivyo ikitangulia. Wewe uliniambia ulikamua ndimu, ukafunika sufuria, ukaenda kuoga. Basi hapo ndipo lilipokatikia.

Tui zito likishaingia sufuriani, baba, huondoki. Unapunguza moto, unachukua upawa, unachota na kumimina, unachota na kumimina, bila kifuniko, mpaka uone linaanza kutokota pembeni na kuwa zito kama uji mwepesi. Hapo unaepua. Chumvi unaweka mwishoni mwishoni, na ndimu au ukwaju unatia ukishaepua. Simu ikilia, iache ilie.

Mimi mwenyewe lilinikatikia mbele ya watu ambao nilitaka sana wanipende. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza huku. Baba yako alinipeleka kwao Nyakach, nami nilikuwa nimebeba nazi nne kutoka Mombasa, nimezilinda safari nzima kama mayai. Nikaomba nipike samaki. Wakaniletea ngege wawili wakubwa waliotoka ziwani asubuhi hiyo. Nilizoea jiko la makaa, pale palikuwa na mafiga matatu na kuni za mti ambao sikuujua, na moto wake ulikuwa mkali mno. Kwa haraka na kwa hofu nikatia ndimu mapema. Tui likakatika, nikalitazama machozi yakinilengalenga.

Nyanyako alionja, akanyamaza kidogo, akauliza haya ni maziwa ya mnyama gani. Nikamwambia ni ya mti. Hakuniambia kitu kuhusu yale madonge. Aliomba tu kesho yake nimwonyeshe yanavyokamuliwa. Kesho yake akaketi kigodani karibu nami, akatazama kila kitu, akatia mkono wake mwenyewe kwenye bakuli. Kisha akachukua tui langu zito akaenda kulimimina kwenye chungu cha osuga, mahali ambapo kila siku angemimina maziwa ya ng'ombe kupunguza uchungu wa mboga. Tangu siku ile osuga ya kwetu unaijua ilivyo. Watu hudhani mimi ndiye niliyeleta chakula kile kutoka pwani. Pwani hatukukijua. Ni cha nyanyako.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana nimegundua sikuwahi kukufundisha. Ulikuwa ukipita tu jikoni kutafuta joya, ule moyo laini wa nazi iliyoanza kuota.

Nazi ya tui ni ile iliyokomaa na kukauka. Dafu ni la kunywa. Koroma, ambalo limepita udafu na halijawa nazi, hutoa tui jembamba lisilo na ladha. Na yale maji yaliyomo ndani ya nazi siyo tui, ingawa nimesikia wengi huko bara wakiyaita hivyo. Tui hutoka kwenye nyama.

Huku kwetu nazi imesafiri zaidi ya kilomita 800 kabla ya kufika sokoni, na huko kwako zaidi ya 600, kwa hiyo usiichague kwa macho tu. Itikise karibu na sikio: ikilia maji mengi, nzuri, ikiwa kimya, maji yameshatoka mahali, irudishe. Angalia yale macho matatu. Yakiwa na ukungu au unyevunyevu, ndani imeshaharibika. Pima uzito kwa mkono, nazi nzuri huwa nzito kuliko ukubwa wake. Nunua moja ya ziada kila mara, maana hata mimi baada ya miaka yote hii huvunja nikakuta imeoza.

Kuivunja, ishike kiganjani juu ya bakuli, uipige kwa mgongo wa panga katikati ya tumbo lake huku ukiizungusha. Mapigo matatu au manne itapasuka yenyewe, maji yakaingia bakulini. Yaonje maji hayo kabla ya jambo jingine lolote. Yakiwa machachu au yana ladha ya sabuni, tupa nazi nzima, usiseme labda nyama imesalimika.

Kibati cha karoti kiache. Nimekupa mbuzi ya kukunia nazi, utaona mwisho wa barua. Unakaa juu ya kibao chake, sinia chini ya meno, unashika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha huku ukikuna kutoka ukingoni kuelekea ndani. Usikune mpaka chini kabisa. Ukiona rangi ya kahawia, acha, ile hulifanya tui liwe na rangi chafu na uchungu kidogo. Ukishindwa siku ya kazi, bandua nyama kwa kisu, ikatekate, saga kwenye blenda na maji ya uvuguvugu. Tui la blenda ni zuri, silikatai, ila huwa na ungaunga, kwa hiyo lichuje kwa kitambaa safi badala ya chujio la chai.

Maji, mwanangu. Nafikiri hapa ndipo Nakuru ilipokuponza hata kabla ya ndimu. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mombasa hatukulijua sana hilo, mafuta yako chupani karibu mwaka mzima yanamiminika kama maji. Nakuru asubuhi yanakuwa magumu kama samli. Sasa wewe ulikamua kwa maji ya bombani, ya baridi ile! Mafuta yalibaki yameganda ndani ya machicha, nawe ukapata maji meupe. Pasha maji mpaka yawe ya moto ambao mkono unaweza kuvumilia. Kwa nazi moja, mimina kikombe kimoja kwanza, fikicha kwa vidole kama unayefua kitambaa cha mtoto, acha dakika tano, kisha kamua kwa nguvu zako zote ukichuja. Hilo ndilo tui zito, kasimile. Liweke pembeni peke yake. Rudisha machicha kwenye bakuli, mimina vikombe vitatu, fikicha, kamua tena. Hilo ni tui jepesi.

Usiyachanganye, maana kila moja lina zamu yake. Jepesi hupikia, ndilo linaloivisha. Zito huingia chakula kikishaiva, ndilo linalonukia. Ukielewa hivyo, hakuna chakula cha nazi kitakachokushinda.

Chukua wali. Vikombe viwili vya mchele, wa Ahero au wa Mwea, vikombe vitatu vya tui jepesi na chumvi. Likichemka tia mchele uliooshwa, na maji yakikaribia kukauka mimina kikombe cha tui zito, geuza mara moja taratibu, funika, moto uwe mdogo kabisa. Hapa kufunika kunaruhusiwa, kwa sababu mchele umeshalinywa.

Mbaazi zina subira yake huko kwako. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru mko kama 1,850, na kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Huko yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Yanaonekana yanachemka sana lakini mbaazi inakaa ngumu. Ziloweke usiku kucha, uzichemshe kwa maji matupu mpaka zibonyee kati ya vidole viwili, na hata kama itachukua saa nzima zaidi ya ulivyozoea, usitie tui kabla ya hapo. Baadaye tui jepesi, kitunguu, manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Mwisho tui zito na upawa wako. Maharagwe na kunde ni njia ile ile.

Omena, wale dagaa wa ziwani, ukiwapata wa kukauka, waoshe kwa maji ya moto, wakaange mpaka walie sufuriani, tengeneza kitunguu na nyanya, tia tui jepesi kikombe kimoja, acha likauke, malizia na zito vijiko vichache. Baba yako anasema hiki ndicho kilichomfanya aache kuulizia nyama.

Na samaki, yule aliyekushinda: usimpike ndani ya tui. Mpake tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu yako yote unayotaka, mchome juu ya makaa mpaka aive kabisa. Tui zito lipike pembeni na pilipili na manjano, kwa upawa, mpaka liwe zito. Epua, tia ukwaju kidogo, umpake samaki pande zote, umrudishe motoni dakika mbili tu ashike. Ndimu imekaa kwenye samaki, tui limekaa sufuriani, hawakugombana. Ngege anafaa, mbuta pia, maadamu minofu ni minene.

Mengine utajaribu mwenyewe. Uji wa wimbi ukitiwa tui mwishoni hauhitaji maziwa. Viazi vitamu, boga, ndizi mbivu na iliki. Mahamri unayokumbuka hayana siri nyingine, unga unakandwa kwa tui zito badala ya maji.

Ulisema jirani yako anataka kumpa mtoto wake wa miezi saba tui badala ya maziwa kwa kuwa limekuwa rahisi kwake. Mwambie kwa upole asifanye hivyo. Ndani ya chakula kidogo ni sawa, lakini protini na kalisiamu ya tui ni chache mno kumkuza mtoto. Na wewe mwenyewe usile kila siku. Katika gramu 100 za nyama ya nazi, gramu kama 33 ni mafuta, mengi yake ya aina ile ambayo daktari amemwambia baba yako apunguze. Hapa nyumbani sasa ni mara mbili kwa wiki. Nilihuzunika kidogo, lakini namtaka awepo.

Tui lililobaki usiliache mezani, linachacha haraka hata kwenye baridi yenu. Kwenye friji siku mbili. Litaganda tabaka jeupe juu kama nta, usilitupe ukidhani limeharibika, lipashe taratibu litarudi. Likinuka uchachu au likivuta kama ute, hilo ndilo la kutupa. Ukitaka la muda mrefu, ligandishe kwenye vikopo vidogo, kila kimoja cha kutosha mlo mmoja. Lile la unga la dukani lina kazi yake mwisho wa mwezi, sikukatazi. Nataka tu ulijue kwanza la mkono, ili ulimi wako uwe na cha kulinganishia.

Vifuu usitupe, vinawasha jiko vizuri sana. Machicha mpe mwenye kuku.

Kesho asubuhi nitapeleka mzigo stendi, upande wa matatu za Nakuru. Ndani mna nazi tano, chupa ya ukwaju, omena wa Dunga kilo moja, na mbuzi. Ni ile yangu, niliyokuja nayo kutoka kwa mama yangu, kibao chake kimeshalainika kwa kukaliwa. Mimi nimenunua nyingine hapa soko la Kibuye, ina meno makali lakini bado haijanizoea. Meno ya hiyo yako nimeyafunga kwa kitambaa cha leso ya zamani, fungua polepole usijikate tena. Upawa uko chini kabisa, umefungwa ndani ya gazeti.

Jumamosi anza na maharagwe. Wenzako waalike Jumapili, na safari hii niambie walikuwa wangapi, nijue nazi ngapi nitume mwezi ujao.

Mama yako