Cheksamu imelingana? Tuambie kwanza umeitoa wapi

Mteja akituletea faili la programu kwenye flashi ili tumsakinishie, tunamuuliza alilipakua wapi na cheksamu yake iko wapi. Wengine huona tunawachelewesha. Tunaomba mtuvumilie, maana programu ikishasakinishwa inapewa ruhusa ya kugusa karibu kila kitu ndani ya kompyuta yako.

Cheksamu ni alama inayokokotolewa kutokana na kila baiti ya faili. Kwa SHA-256, moja ya kanuni za kuikokotoa, faili liwe la kilobaiti chache au la gigabaiti nne, jibu lina urefu ule ule: alama 64, za tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, jibu lote linageuka. Mtengenezaji hutangaza jibu lake, nawe unakokotoa lako na kulinganisha.

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye faili, kisha andika (badala ya programu.iso weka jina la faili lako):

certutil -hashfile programu.iso SHA256

Usiliache neno la mwisho. Ukiliacha, utapewa SHA-1, kanuni ya zamani yenye alama 40, na utahangaika bure kuilinganisha na ile ya 64. Kwenye macOS amri ni shasum -a 256, na kwenye Linux ni sha256sum, kila moja ikifuatwa na jina la faili. Herufi kubwa au ndogo si tatizo. Tatizo ni kutazama alama chache za mwanzo na za mwisho ukaridhika. Linganisha zote.

Zisipolingana, usikimbilie kudhani umedukuliwa. Mara nyingi mtandao ulikatika katikati, au umesoma mstari wa toleo jingine. Jibu likianza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855, faili lako ni tupu, halina hata baiti moja. Na ukikokotoa faili lile lile mara mbili ukapata majibu mawili tofauti, acha kulaumu upakuaji: yaelekea kumbukumbu ya kompyuta, diski au flashi yenyewe ina hitilafu. Hapo tuletee kompyuta tuipime.

Lakini kinachotusumbua zaidi ni faili ambalo cheksamu yake imelingana, kumbe faili na cheksamu vyote vimetoka mkono mmoja. Mwezi Mei 2017, seva moja kati ya zile zilizokuwa zikigawa HandBrake, programu ya kubadilisha umbizo la video, ilidukuliwa, na faili la Mac likabadilishwa likawekwa programu hasidi. Tovuti kuu ya mradi haikuguswa, kwa hiyo aliyelinganisha na cheksamu iliyotangazwa huko angeligundua faili bovu kabla ya kulifungua. Februari 2016 mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa mfumo endeshi wa Linux Mint: wadukuzi waliingia kwenye tovuti yenyewe na kuelekeza viungo vya toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili lao lenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Mtu aliyeshika ukurasa kiasi hicho anaweza kubadilisha na cheksamu iliyoandikwa pale pale.

Ndiyo maana tunatafuta cheksamu mahali tofauti na faili lilipotoka, na penye saini ya GPG, yaani saini ya kidijitali ambayo mtengenezaji huiweka kwa ufunguo wake wa siri, tunaikagua hiyo pia. Ufunguo wa siri wa kusaini hautakiwi kukaa kwenye seva ya tovuti, hivyo anayeiteka tovuti hawezi kuighushi saini. MD5, kanuni nyingine ya zamani ya cheksamu, tunaikubali kwa kugundua upakuaji uliokatika tu. Tangu 2004 watafiti wameonyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa MD5 moja. SHA-1 nayo ilifikwa na hayo hayo mwaka 2017.

Tuseme wazi pia kisichowezekana. Mwaka huo huo wa 2017, CCleaner 5.33, programu ya kusafisha kompyuta, ilitolewa na seva rasmi, ikiwa na saini halali, ilhali programu hasidi ilikuwa imeshapenyezwa kabla ya kusainiwa. Cheksamu inathibitisha kwamba umepata kile kile kilichotangazwa. Kama kilichotangazwa ni chema, hilo haiwezi kulijua.

Kwetu, kila faili tunalosakinisha tunaandika kwenye fomu yako cheksamu yake na mahali tulipoipata, ili ukitaka uhakiki mwenyewe. Zisipolingana tunapakua upya. Zikikataa tena, hatusakinishi, hata ukituambia una haraka. Na kama umeshasakinisha faili lisilolingana, iondoe kompyuta kwenye mtandao, usiandike nywila yoyote humo, na usilifute faili hilo. Tuletee kompyuta pamoja nalo. Nywila za barua pepe na benki zibadilishe kwa kutumia kifaa kingine.