Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha namwachia mhazini. Nataka kusemea kazi yetu, maana vijana waliojiunga mwaka huu wameniuliza sana: mchambuzi wa sera za uchumi wa kanda hukomaa lini?

Wengi huanza kwa kulinganisha ajira. Kanda ikiwa na asilimia 12 ya ajira zake kwenye mbao, na nchi nzima ni asilimia 4, kipimo cha kugawanya asilimia ya kanda kwa ya nchi kinatoa 3, na kijana anaandika kwamba mbao ndiyo nguvu ya kanda. Asiharakishe. Huenda sekta nyingine zimekufa, mbao zikabaki zikionekana kubwa. Kipimo hakikukosea, lakini habari ya viwanda vilivyofungwa ataipata kwa waliokuwa wakifanya kazi humo.

Tangu mwanauchumi Walter Isard na wenzake waanzishe chama cha sayansi ya kanda nchini Marekani mwaka 1954, zana zetu zimeongezeka mno. Majedwali ya mwanauchumi Wassily Leontief, yanayoonyesha kila sekta inanunua nini kutoka sekta nyingine, yaliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1973, leo yanakokotolewa kwenye kompyuta ndogo kabla chai haijapoa. Kazi ngumu imebaki palepale: kujua namba inasema nini, kisha kumweleza mkubwa asiyetaka kuisikia.

Nilipokuwa mchanga kazini, nilihesabu ajira zote za kiwanda kilichosamehewa kodi kuwa matunda ya msamaha ule. Mkuu wangu aliizungushia namba hiyo wino mwekundu, akaandika pembeni: "Bila msamaha wasingekuja?" Sikuwa na jibu. Nilirudi kuwauliza wenye kiwanda walichaguaje eneo. Wakanitajia reli na maji kwanza. Swali lile la pembeni limenilea kuliko mafunzo yote niliyohudhuria.

Ndiyo maana nimefurahishwa sana na wakongwe waliokubali mwaka huu kusoma rasimu za vijana mstari kwa mstari. Ni kazi ya usiku, haina posho, na nawashukuru kwa moyo wote. Kinachoniumiza ni mikataba mifupi: mchambuzi anaanza kuielewa kanda, mkataba unakwisha, na daftari lake linaondoka naye.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kila ripoti ya mwanachama iambatane na ukurasa mmoja wa makadirio aliyoyatumia na watu wa aina gani aliozungumza nao, ili anayefuata asianze upya. Naomba mkutano ulijadili pendekezo hili leo na kulipitisha.