Kodi ya soda ilenge sukari

Mhariri,

Naunga mkono kodi ya vinywaji vyenye sukari nyingi, ila si kwa namna tunavyoitoza Uganda. Ushuru wetu wa soda hauangalii sukari iliyomo, hivyo kiwanda kikiipunguza hakipati nafuu. Uingereza ilipoanza mwaka 2018 kutoza kulingana na kiasi cha sukari, watengenezaji wengi walikuwa wameshaipunguza. Mexico nako, tangu kodi ya vinywaji vyenye sukari ianze 2014, ununuzi wa vinywaji hivyo ulishuka.

Lakini Denmark ilifuta kodi yake ya vyakula vyenye mafuta muda mfupi baada ya kuianzisha. Watu walivuka mpaka kununua Ujerumani. Sisi wa Busia, mpakani na Kenya, tunalielewa hilo kuliko wengi! Bunge lipatane na Kenya kuhusu viwango vya kodi, na fedha zake zinunue dawa za kisukari vituoni.

Msomaji,
Busia, Uganda