Rafiki yangu anapona, mimi naota ndoto zake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke niliyenusurika shambulio la silaha. Yaliyonipata sitayaeleza, maana siyo yaliyonileta kwako. Kilichonileta ni rafiki yangu.

Tulikutana kwenye kikundi cha ushauri nasaha. Naye alishambuliwa, kwa namna yake na mahali pengine. Siku ya kwanza tuligombea kiti kimoja, kile cha ukutani kinachotazama mlango, tukaishia kucheka. Watu wengine lazima niwaeleze kwa nini sitaki mtu asimame nyuma yangu, au kwa nini mlango ukibamizwa natetemeka mwili mzima. Yeye simwelezi. Ndugu zangu wananipenda, ila wimbo wao ni mmoja: mshukuru Mungu u hai, sahau. Kana kwamba kusahau ni kuzima taa!

Sasa mwenzangu ameanza tiba kwa mtaalamu wa saikolojia. Ni ile ambayo mtu husimulia tukio lake kwa sauti, tena na tena, simulizi ikarekodiwa, kisha akaisikiliza nyumbani hadi woga upungue. Anasema hofu hunenepa kwa kukwepwa, na kumbukumbu ikikabiliwa taratibu mahali salama hupungua makali. Naamini, kwa sababu namwona. Analala. Anapanda basi tena, yeye aliyekuwa hatoki nje. Nimefurahi kweli, wala sina kijicho.

Tatizo ni kwamba hapendi kuisikiliza rekodi peke yake. Hunipigia usiku, anaiwasha, tunaisikiliza wote hadi mwisho. Yeye anashusha pumzi, ananiaga, analala. Mimi nabaki macho. Siku hizi jinamizi linanijia na mtu nisiyewahi kumwona: yule aliyemshambulia yeye. Ndoto zangu mwenyewe zilikuwa zimeanza kupungua.

Dada yangu anasema nisipokee tu simu, ataelewa mwenyewe. Siwezi. Rafiki yangu aliwahi kuniambia kwamba kilichomuumiza sana baada ya shambulio ni watu kumkwepa, mmoja mmoja, kila alipotaka kusema. Nikimwambia sitaki kusikia, nitakuwa mmoja wao. Nimewaza pia kumwomba amuulize mtaalamu wake kama inafaa kunishirikisha, maana huyo mtaalamu ni wake, mimi hanijui wala hajui ninachosikilizishwa. Lakini naogopa ataona namshtaki, halafu aiache tiba katikati, na hapo nitakuwa nimemharibia.

Shangazi, nitamwambiaje kwamba rekodi siiwezi, ila yeye bado namhitaji? Nimweleze ana kwa ana au nimwandikie? Na akikaa kimya baada ya hapo, nimtafute au nimwache kwanza?

Msomaji wako